Farasi Aliyevuliwa Chuma

Tulianguka mimi na farasi wangu kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua ikiwa imetoka kukatika, tukatua ndani ya shamba la ndizi la watu. Nilitangulia mimi. Yeye alinifuata kwa makalio, miguu ya mbele kaikaza, na lau si mgomba mmoja mnene uliomzuia, angenipitia juu. Begi langu la ukunga lilifunguka hewani. Mikasi, nyuzi, pamba na chupa ya dawa vilimwagika kwenye majani makavu ya migomba kama vitu vya mchuuzi.

Wenye shamba, mume na mke, walikuwa wakipalilia. Kwanza walicheka, tena walicheka hasa, jembe likamdondoka mume mkononi. Halafu mke akaja mbio akaniinua kwa kwapa.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Mimi mzima. Mwangalie yeye."

Farasi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Wa nne, wa mbele kulia, aliuning'iniza hewani huku akitetemeka. Kiatu chake cha chuma kilikuwa kimeng'oka na kuondoka na kipande cha ukwato, misumari ikiwa bado imekishikilia. Mume alikiokota kwenye tope, akakipangusa kwa kiganja na kunipa. Hakuwa akicheka tena.

Niliporudi njiani niliangalia mahali tulipotelezea. Alama za kwato zake zilikuwa mistari mirefu, laini, kana kwamba mtu amekokota ubao. Pembeni palikuwa na alama za ng'ombe waliopita asubuhi ileile, na kila moja ilikuwa imezama sawasawa, kucha zimeuma udongo. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu anayesubiriwa na mgonjwa. Kisha nikaliweka begi kichwani, nikamwacha farasi kwa wale watu wema na kwenda kwa mgonjwa wangu kwa miguu.

Miaka hiyo nilikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya misheni upande wa Nyamira. Ilikuwa baada ya ile vita kuu ya pili, kabla chai haijafika Gesima, milima ikiwa bado ya wimbi, mahindi na pareto. Nilikuwa binti wa kwetu kabisa, niliyesomea ukunga katika hospitali ya misheni na kurudishwa nyumbani na aproni nyeupe na begi. Gari la hospitali lilikuwepo, lakini mvua ikianza, gari hilo lilikuwa kitu cha kusukumwa tu. Nilizunguka milima kwa miguu. Mara nyingine nilifika mtoto akiwa ameshanyonya na kulala. Mara nyingine nilikuta watu wamekaa kimya nje ya nyumba, nikajua nimechelewa.

Farasi alikuwa wa mmisionari mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hakupata wa kumwachia, na maneno ya kumpiga risasi yalikuwa yameanza kusemwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikawaomba wanipe mimi. Walikaa kikao. Mzee mmoja aliuliza, kwa uso mkavu kabisa, "Mwanamke akipanda mnyama, miguu anaiweka wapi?"

Bibi kizee mmoja, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kikao na alikuwa amekuja kufagia tu, alijibu akiwa mlangoni: "Pale pale mwanamume anapoiweka. Mnataka wajukuu wenu wazaliwe, au hamtaki?"

Nikapewa farasi. Nilijishonea rinda pana lenye suruali ndani yake, nikajifunza kupanda kwa kuanguka, na baada ya muda watu wa milima ile walizoea kumwona mkunga akipita juu ya kile walichokiita punda wa kizungu. Alikuwa farasi jike, wa rangi ya majivu, mpole, mwenye tabia ya kupuliza pumzi ya moto shingoni mwangu nilipokuwa namfunga.

Viatu vyake vya chuma vilipigiliwa na mzee mmoja wa kwetu aliyeishi mpakani, upande wa Sotik. Mzee huyu alikuwa ametunza farasi wa walowezi tangu ujana wake, na wakati wa vita jeshi lilimpeleka mbali kutunza nyumbu wa mizigo. Alirudi na koti la jeshi, tupa, koleo, na imani isiyotikisika kuhusu chuma. Nilimwita tata, yaani baba kwa lugha yetu, naye aliniita mwanangu, ingawa hatukuwa na udugu wowote.

Baada ya anguko lile alikuja. Aliuinua mguu ule, akauweka pajani na kuukagua akiguna.

"Hapa hapana pa kupigilia msumari," alisema. "Ukuta wa ukwato umekwisha. Na hii mingine mitatu nayo imejaa matundu ya misumari ya zamani. Nikipigilia tena, itapasuka kama kuni."

"Sasa tufanyeje, tata?"

"Mrudishe kwa Wazungu. Akapumzike. Au wamfanyie watakalo."

"Na tukivua vyote vinne, akaenda bila viatu?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia atembee uchi sokoni. "Mwanangu, farasi amebeba mtu. Anakanyaga mawe. Kule jeshini nyumbu akidondosha chuma tulisimamisha msafara mzima. Farasi asiye na chuma ni farasi wa kuchechemea."

"Punda wanaoleta chumvi sokoni Nyakoe hawana chuma."

"Punda ni punda."

"Na huyu anazaliwa na chuma miguuni?"

Aliugeuza ule mguu tena, kisha akasema kwamba ukwato uliovunjika lazima uachwe wazi ili uote, hilo halina ubishi, na kwa hiyo atavua vyote. Lakini nisimlaumu. Alivua kimoja baada ya kingine, akakata, akapiga tupa kingo zikawa mviringo, na kazi yake ilikuwa safi kama kawaida. Alipofunga mfuko wake alisema, "Utaniita," akaondoka.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuchekwa. Niliporudi kwenye kutembea, nilimchukua farasi pamoja nami, nikimwongoza kwa kamba, mgongo wake mtupu. Watu walitoka nje kuona. "Mkunga anamtembeza punda wake kama mbwa," walisema, na vijana wakanifuata wakibweka. Nilitaka azoee ardhi kidogo kidogo, kwanza njia za nyasi, halafu za udongo mkavu, halafu zenye kokoto. Mwanzoni alikuwa akikanyaga kama mama mkwe aliyeingia nyumba ya watu, anaweka mguu, anautoa, anaupeleka pengine. Nilimhurumia. Siku nyingine nilirudi nikiwa na hakika kwamba mzee alisema kweli.

Kitu kimoja nilikigundua zizini. Pale alipolala palikuwa tope tupu la mvua na mkojo, na kwato zake zilikuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini. Niliita akina mama wa kwaya, tukabeba changarawe kutoka mtoni kwa vikapu, tukaimwaga zizini kote na kuchimba mfereji wa maji. Tangu siku hiyo alisimama pakavu, na usiku kucha kokoto zilimsugua nyayo bila mtu kumlazimisha. Kwato zikaanza kubadilika. Ukwato mpya ulishuka kutoka juu, penye nywele, kama ukucha unavyoota baada ya kuumia, ukiwa mzito na usio na ufa. Ile sehemu ya katikati ya unyayo yenye umbo la pembetatu, ambayo zamani ilikuwa imenyauka, ilipanuka ikawa ngumu kama mpira.

Nilimrudishia tandiko wakati matundu ya zamani ya misumari yalipokuwa yameshuka karibu na ukingo wa chini wa ukwato. Nikampanda kwenye ule ule mteremko wa udongo mwekundu. Alishuka akiinamisha kichwa, akichagua, ncha za kwato zikizama. Hakuteleza hata kidogo. Nilipofika chini nilipiga kigelegele peke yangu, na farasi akashtuka nusura aniangushe.

Ikabaki barabara. Wakati huo serikali ilikuwa imemwaga kifusi cha murram kwenye barabara ya juu ya mlima, na mawe yake yalikuwa mapya, yenye ncha. Kwenye udongo farasi wangu alikuwa malkia, lakini kwenye murram, nikiwa nimekaa mgongoni mwake, alijikunja kwa maumivu. Nilipaswa kushuka na kutembea, na barabara hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda kila mahali.

Dawa ya tatizo hilo niliipata Mosocho. Nilikuwa nimekwenda mjini Kisii kuchukua madawa, nikapita soko la Mosocho kumsalimu shangazi yangu. Pale sokoni palikuwa na fundi viatu aliyetoka upande wa ziwa, mtu mwembamba mcheshi, aliyekuwa akitengeneza akala za matairi ya lori. Alikaa kwenye kigoda, kisu kikali mkononi, akikata tairi kama mtu anayekata nyama. Nilisimama kumtazama kwa muda, mpaka akasema, "Sista, leta mguu nikupime."

"Si wangu. Ni wa farasi."

Alidhani namtania. Nilipomweleza habari yote alikiweka kisu chini. "Kwa nini usimpigilie chuma?" Nikamwonyesha kwa mikono jinsi ukwato ulivyopasuka, jinsi chuma kinavyoteleza, jinsi ninavyohitaji kitu cha kumvalisha kwenye mawe na kumvua kwenye tope. Alisikiliza akitafuna mdomo.

"Kumbe wewe hutaki kiatu cha kushinda nacho," alisema. "Unataka cha kuvaa na kuvua. Kama mtu anayekwenda kanisani, anabeba viatu mkononi, akifika anavaa."

"Hicho hasa."

"Basi siwezi kupima kwa maneno. Nitakuja."

Alikuja kwa lori la mahindi, na kifurushi cha matairi mgongoni. Alimzunguka farasi kwa heshima, mbali kidogo. "Tangu nianze kazi hii," alisema, "sijapata mteja asiyeweza kuniambia kama kinabana." Nilimwinulia mguu, naye akaukandamiza juu ya gunia, akachora kwa mkaa na kukata.

Jozi ya kwanza ilikuwa ndala kubwa tu zenye kamba. Farasi alipiga hatua chache, moja ikaruka ikaingia kwenye mahindi, nyingine ikageuka ikawa juu ya mguu badala ya chini. Jozi ya pili ilikuwa na ukuta wa ngozi ya ng'ombe pande zote, ikakaa, lakini ilimchubua kisigino mpaka damu ikatoka. Fundi alikasirika, si kwa farasi, kwa mikono yake mwenyewe. Alirudi Mosocho na ile jozi. Alipokuja tena alikuwa ameshona kola ya blanketi kuukuu pale juu, akaiacha nyuma ikiwa wazi kidogo ili kisigino kipumue, na badala ya kamba aliweka mkanda wa ngozi wenye kibano cha chuma, ambao mtu anaweza kuufungua kwa mkono mmoja. Chini ni tairi ya lori, na meno yake.

Tulimvalisha miguu ya mbele tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimuuma. Nikapanda. Tukaingia kwenye murram. Hatua za mwanzo alinyanyua miguu juu mno, kama kuku aliyekanyaga gundi. Halafu akaweka mguu juu ya jiwe lenye ncha, akasubiri maumivu, hayakuja. Nilihisi mwili wake wote ukilegea chini yangu. Masikio yakasimama. Akaanza kwenda mbio bila kuambiwa, na fundi nyuma yetu akitimua mbio akipiga kelele, "Angalia kinavyoshika! Angalia!"

Kwa muda watu waliokuwa wakipita barabara ile waliona alama za ajabu vumbini, vipande vya mviringo vya tairi ya lori, vimepangana viwiliviwili. Mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba alizifuata kwa muda akijiuliza ni gari la aina gani.

Mzee wa chuma alisikia habari hizo, akatuma salamu kwamba atakuja kuona akipata nafasi. Hakuja. Aliponijia, alikuja kwa jambo jingine.

Ilikuwa Jumamosi, siku yetu ya Sabato, tumo kanisani na wimbo umeanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Mlango ulifunguka, akaingia yule mzee amejaa tope kuanzia kofia hadi buti, koti la jeshi limemlowa na kumshika mwilini. Wimbo ukafifia wenyewe. Hakumtazama mtu mwingine yeyote.

"Mwanangu," alisema kutoka mlangoni, "ni binti yangu. Yule aliyeolewa Gesima. Mmoja ametoka alfajiri, wa pili amekataa."

Nilichukua begi. Mchungaji alisema tu, "Nenda, tutaomba," na nilisikia watu wakipiga magoti nyuma yangu.

Njiani kuelekea zizini alinieleza kwa pumzi za kukatika. Alikuwa amelala kwa binti yake, amekwenda huko kwa farasi wa bwana wake mlowezi, kwa ruhusa. Mapacha walipomshinda mkunga wa kijiji, alipanda farasi aje kuniita. Kwenye mteremko unaotoka kwa binti yake farasi aliteleza kwa vyuma vyote vinne, akaanguka, akaumia bega. Mzee alimwacha kwenye boma moja na kuja kwa miguu, akikimbia pale alipoweza kukimbia. Alikuwa mtu mzima sana kwa mbio za namna hiyo.

Nilimvalisha farasi viatu vya tairi, nikapanda, nikamnyooshea mkono.

"Panda nyuma, tata."

Alirudi nyuma hatua moja. Sisi tuna chinsoni, ile heshima inayomweka baba mbali na binti, hata akiwa binti wa kumwita tu. Kukaa mgongo mmoja na mimi, kifua chake kwenye mgongo wangu, mbele ya kanisa zima lililokuwa limetoka kutazama! Niliona uso wake ukipigana.

"Binti yako ananisubiri," nilisema. "Na njia ya mkato unaijua wewe."

Alipanda. Hakuna aliyecheka.

Barabara ya murram tuliimaliza kwa mbio, watu wawili juu ya farasi mmoja, mawe yakiruka pembeni. Nilimsikia mzee akinung'unika nyuma yangu, nikadhani anaomba. Baadaye nikagundua alikuwa akihesabia farasi mwendo, kama walivyofanya jeshini, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anasikiliza kwato. Alikuwa anasubiri farasi achechemee, hakuchechemea.

Tukaiacha barabara, tukashuka bondeni, tukavuka mto uliojaa mpaka kwenye vikuku vya tandiko. Ng'ambo ndipo mteremko ulipoanzia, mwekundu, mkali, unaong'aa kama umepakwa mafuta. Pale katikati niliona mistari mirefu laini ya farasi wa mlowezi. Mzee alishuka.

"Hapa viatu havifai," alisema kabla sijafungua kinywa. "Hapa anatakiwa aume." Akapiga goti kwenye tope na kufungua mikanda, mmoja, kisha mwingine. Aliushika ule mguu wa mbele kulia, akapangusa unyayo kwa kiganja, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa pamevunjika. Sasa palikuwa pazima, pana, pagumu.

"Huu si ukwato niliouacha," alisema.

"Ni huohuo, tata."

"Mwachie hatamu. Usimvute. Lala shingoni mwake, achague mwenyewe. Nenda, mwanangu!"

Nililala shingoni mwake. Farasi alinusa udongo, akapuliza, akaanza. Nilisikia kila ncha ya ukwato ikizama, ikishika, ikimsukuma. Hakwenda moja kwa moja. Alikata upande huu, halafu ule, akitafuta mizizi na nyasi, na mara moja nyuma yake ilipomteleza alijikaza, akatulia, akatafuta pengine. Chini nilimsikia mzee akipiga kelele za kumtia moyo kwa Kiswahili cha jeshi, maneno ambayo sikuyajua na ambayo nadhani yalikusudiwa nyumbu. Tulipotokea juu, kwenye shamba la pareto lililochanua jeupe, farasi alijitikisa maji na kuendelea mbio bila kungoja.

Binti wa mzee alikuwa amelala juu ya ngozi, uso umekuwa wa kijivu. Mama mkwe wake alikuwa amemshika mabega. Mtoto wa kwanza, wa kiume, alikuwa amefunikwa shuka pembeni, akilia kwa nguvu, sauti nzuri kabisa. Niliosha mikono, nikapapasa tumbo. Wa pili alikuwa amelala kukingama, kichwa upande mmoja, makalio upande wa pili. Niliweka kifaa changu cha mbao cha kusikilizia tumboni na kutega sikio. Moyo ulikuwa ukipiga, haraka, ila ukipiga.

"Bado yupo?" aliuliza mama mkwe.

"Yupo. Na anataka kutoka, hajui mlango tu."

Nilimwomba binti apumue polepole, uchungu ulipotulia nikaanza kumgeuza mtoto kutoka nje, kiganja kimoja kichwani pake, kingine makalioni, nikisukuma taratibu, nikisimama uchungu ulipokuja, nikiendelea ulipoisha. Ni kazi ya subira. Ghafla nilihisi kichwa kikiteleza na kukaa chini, sawasawa, kama kifuniko kinavyokaa kwenye chungu chake. Nikapasua chupa ya uzazi. "Sasa, dada," nilimwambia, "sasa sukuma kwa nguvu zako zote."

Alisukuma. Alizaliwa msichana, mdogo, wa bluu kidogo. Nikampangusa, nikamsugua mgongo, nikamsafisha pua. Akakunja uso na kulia. Mama mkwe alipiga kigelegele hapo hapo, sikioni mwangu, na kutoka nje kilijibiwa na kila mlima. Kondo lilipotoka damu ilikuwa nyingi, nikamchoma sindano pajani, nikasugua tumbo mpaka likakaza kama ngumi, damu ikapungua, ikakoma. Uso wa mama ulianza kurudiwa na rangi. Aliomba uji. Nilijua tumeshinda.

Nilitoka nje. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika juu, amebeba viatu vya tairi, kimoja kila bega, kwa kuvitungika kwenye mikanda yake. Alisikia vilio viwili. Hakuingia, haikuwa nafasi yake kuingia. Alikwenda moja kwa moja kwa farasi, akaweka paji la uso wake kwenye shingo yake, akasimama hivyo muda mrefu.

Farasi wa mlowezi alipona bega. Mzee alimwambia bwana wake kwamba kwa mvua zile afadhali farasi huyo akae bila chuma na abadilishiwe makazi yake yawe makavu, na bwana alikubali, kwa shingo upande. Muda si muda mzee alinitembelea zahanati, amebeba vipande vya gunia vilivyokatwa kwa umbo la kwato za farasi yule, kila kimoja kimeandikwa kwa mkaa. "Mpelekee yule fundi wako wa Mosocho," alisema. "Mwambie hivi vina kisigino kipana zaidi. Na mwambie kola aongeze." Fundi alipovipokea alivibandika ukutani mwa kibanda chake, pale watu wengine wanapobandika picha. Alishona jozi nyingi, kwa farasi wa upande ule, hata akafundisha ndugu yake. Mzee hakuacha kupigilia chuma; wapo farasi waliohitaji, na alikuwa bingwa. Ila tangu hapo aliuliza kwanza, "Anakwenda wapi, na anakanyaga nini?"

Nilirudi Gesima kuwaangalia wale mapacha, siku ya jua kali, pareto ikiwa inakaushwa kwenye mikeka. Watoto walikuwa wanene. Mama yao alikuwa amekaa nje akiwanyonyesha wote kwa pamoja, amechoka na amefurahi. Mzee alikuwepo, amekuja kuwaona, amekaa mbali kidogo kama inavyostahili.

Mama mkwe alinipikia obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, akakaa akinitazama nikila. Nilipomaliza alisema, "Nina ombi. Usicheke."

"Sicheki, mama."

"Nataka kupanda."

Mzee alisimama papo hapo akashika lijamu ya farasi wangu. Mimi na jirani mmoja tulimwinua yule mama mzee, mmoja mguu huu, mwingine ule, leso zake zote zikipepea, mpaka akakaa juu, ameshika nywele za shingo kwa mikono miwili na kufumba macho. Farasi aligeuza kichwa kumtazama, kisha akarudi kula nyasi.

"Fumbua macho," nilimwambia.

Alifumbua. Aliona boma lake kwa juu, paa la nyumba yake, shamba jeupe la pareto, bonde, mto, na mlima wa ng'ambo ambako dada yake alikuwa ameolewa. Mzee alimwongoza farasi polepole kuzunguka ua, kwato zikigonga ardhi ngumu, tap, tap, bila chuma. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha tulinyoosha mikono tumshushe. Alitupiga mikono kwa ncha ya leso.

"Bado," alisema. "Nipelekeni mpaka kwa dada yangu, anione."

Tukampeleka.